Je, Mtazamaji Ana Mikono?

Ndugu msomaji, naomba nianze na mbwa.

Sisemi hawa mbwa wetu wa uswahilini wanaolala chini ya meza za chipsi. Nasema mbwa mwitu wa Serengeti, wale wenye masikio ya duara na madoa kama waliomwagiwa rangi na fundi aliyelewa. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 palikuwa na mtu aitwaye Hugo van Lawick, aliyepiga hema karibu na ziwa Ndutu, pale Serengeti inapopakana na Ngorongoro. Kazi yake ilikuwa kupiga filamu za wanyama, na wakati huo alikuwa akifuata kundi moja la mbwa mwitu. Ndani ya kundi hilo jike mwenye cheo aliwaua watoto wa jike mwenzake, mpaka akabaki mtoto mmoja tu. Hugo akampa jina Solo, yaani aliye peke yake.

Basi kundi likaanza kuhama. Mbwa mwitu hawana tabia ya kukaa mahali pamoja isipokuwa pale wanapokuwa na watoto wachanga shimoni. Solo alikuwa mdogo, dhaifu, mbio za wakubwa haziwezi. Akaachwa nyuma, kwenye mbuga yenye simba na fisi. Na Hugo yumo ndani ya gari, kamera tayari, anayaona yote.

Sasa nakuuliza: ungekuwa wewe, ungefanyaje?

Usijibu haraka. Watu wa kazi ile wana amri yao moja, na wanaishika kama muumini anavyoshika saumu. Amri yenyewe ni fupi: usiingilie. Simba akimkamata mtoto wa nyumbu, wewe piga picha. Mtoto wa swala akipotezana na mama yake, piga picha. Ukilia, lia, lakini usitikise kamera.

Mwanzoni amri hii niliiona ya kikatili. Nilipoifikiria nikaona ina akili. Ukimwokoa swala umemnyima chakula duma, na huyo duma ana watoto watatu nyuma ya kichaka wanasubiri. Wewe nani uliyekupa uhakimu kati ya mtoto wa swala na mtoto wa duma? Halafu kuna hili la pili. Mpiga filamu amekuja kutuonyesha dunia ilivyo. Akianza kuirekebisha mbele ya kamera, anatuonyesha dunia anavyoitaka yeye, nasi hatutajua tena lipi lilikuwapo na lipi limepikwa.

Hugo huyu hakuwa mtu wa kupita. Alizaliwa Surabaya, Indonesia, mwaka 1937, enzi za utawala wa Waholanzi, na baba yake akafa katika vita vikuu vya pili. Mwaka 1962 National Geographic ilimtuma Gombe, kule Kigoma, akapige picha za sokwe pamoja na binti wa Kiingereza aliyekuwa akiwachunguza tangu 1960, Jane Goodall. Wakaoana 1964, wakaachana 1974. Lakini nyika yeye hakuiacha. Aliishi mahemani Ndutu kwa miaka mingi sana, akatoa filamu kama ile ya sokwe wa Gombe ya mwaka 1988 na The Leopard Son ya mwaka 1996. Alifariki Dar es Salaam mwaka 2002, na wakamrudisha kumzika kulekule Ndutu. Kaburi lake liko huko.

Hebu ifikirie hiyo kazi. Zamani ile mkanda wa milimita 16, wa futi 400, uliisha kwa dakika 11 hivi. Unakaa jua kali wiki nzima, chui hafanyi kitu ila kulala juu ya mti, mkia unaning'inia. Siku anaposhuka, wewe ndio kwanza unabadilisha mkanda! Mtu wa namna hiyo huwezi kumwambia kwamba ameona kidogo. Ameona kuliko sisi sote. Ndiyo maana nataka tumtazame yeye, aliyekuwa akitazama.

Kwa mbwa mwitu wakiwinda, Hugo hakuingilia. Na mbwa mwitu, kwa asiyejua, hawana subira ya simba anayekaba koo kwanza. Wao hupasua tumbo na kuanza kula mnyama angali amesimama. Watu wengi zamani waliwachukia kwa hilo, hata wahifadhi wenyewe walikuwa wakiwapiga risasi. Mwaka 1970 Hugo na Jane walitoa kitabu juu ya mbwa mwitu, bweha na fisi wakawaita wauaji wasio na hatia. Maana yao ni kwamba mnyama hana dhambi kwa kula. Hapo mpiga filamu alikaa pembeni, nami namwelewa.

Lakini Gombe ilikuwa habari nyingine. Kule waliweka ndizi karibu na kambi ili sokwe wasogee, wachunguzwe na kupigwa picha vizuri. Sokwe wakasogea kweli. Baadaye Goodall mwenyewe alikubali kwamba ndizi zile zilizidisha ugomvi baina yao. Unaona hapo, msomaji? Huyu anayesema "mimi natazama tu" tayari ameshaweka ndizi. Kisha mwaka 1966 polio ikaingia miongoni mwa sokwe. Dume mmoja mzee, waliyempa jina McGregor, akapooza miguu yote miwili, akawa anajikokota kwa mikono, na wenzake wanamkwepa. Jane na Hugo hawakusema "hiyo ndiyo asili." Walimlisha na kumnywesha, na ilipoonekana hana tumaini, akauawa kwa risasi ili apumzike. Sokwe wengine wakapewa chanjo ndani ya ndizi zilezile.

Walivunja amri? Nadhani hapana. Amri ya kutoingilia inamhusu mtu ambaye bado hajaingia. Wao walikuwa wameshaingia kitambo, na jina la wenye kambi lilikuwa limeandikwa kwenye kila ganda la ndizi.

Turudi kwa Solo, maana ndiye anayenisumbua. Pale hapakuwa na ndizi wala polio. Mbwa kuua watoto wa mbwa, kundi kumwacha aliyeshindwa kukimbia, yote ni mambo yao tangu zamani. Kwa hesabu ya amri, Solo alitakiwa afe na kamera imalizie. Hugo akamchukua. Akamlisha, akamtunza, na baadaye akampeleka kwa kundi jingine, nalo likampokea.

Nimejaribu kumtafutia Hugo hoja, nikakosa. Hakuwa na hoja. Nafikiri alikuwa amemtazama Solo muda mrefu mno, miezi, mpaka kutazama kwenyewe kukawa undugu. Ukimtazama mtu kwa siku moja wewe ni mpita njia. Ukimtazama kwa miezi, ukajua kilio chake cha njaa na kilio chake cha woga, halafu ukasema humhusu, hapo unajidanganya.

Haya. Lakini wapo walioingilia kwa namna ambayo tungesema afadhali wangekaa kimya. Mwaka 1958 kampuni ya Walt Disney ilitoa filamu iitwayo White Wilderness, ya wanyama wa nchi za baridi. Ndani yake panya wadogo waitwao lemingi wanaonekana wakikimbia makundi kwa makundi na kujirusha kutoka kwenye genge, eti wanajiua. Filamu ikapata tuzo ya Oscar. Dunia nzima ikaamini, mpaka leo watu wanasema "kujiua kama lemingi." Mwaka 1982 kipindi kimoja cha televisheni ya Kanada kikafichua kwamba wale panya walinunuliwa, wakapelekwa Alberta mahali ambapo si kwao, wakazungushwa juu ya kitu kama sahani kubwa iliyofunikwa theluji waonekane wengi, kisha wakasukumwa. Hawakujiua. Waliuawa ili hadithi inoge.

Kwa hiyo mkono wa mtazamaji unaweza kuokoa na unaweza kusukuma. Na kuna dhambi ya tatu ambayo haihitaji mkono kabisa, nayo ni kukata. Mwaka 1959 ilitoka filamu ya Wajerumani wawili, baba na mwana, Bernhard na Michael Grzimek, yenye jina linalosema Serengeti isife. Ilipata Oscar mwaka uliofuata. Mwana, Michael, aliilipia kwa roho yake: Januari 1959 ndege yake ndogo iligongana na tai, ikaanguka, akafa akiwa na miaka 24. Amezikwa ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, na baba yake aliyefariki 1987 yuko hapohapo. Filamu ile iliifanya dunia iipende Serengeti, na sitaki kuidharau damu ya mtu.

Hata hivyo mwaka huohuo wa 1959 Wamasai waliokuwa wakiishi ndani ya hifadhi walihamishiwa upande wa Ngorongoro. Grzimek aliamini kwamba hifadhi ya taifa haitakiwi kukaliwa na watu, hata wenyeji. Tangu hapo mara ngapi umeona filamu ya Serengeti? Nyumbu, pundamilia, simba, jua linazama. Mtu hayumo. Ukikua na picha hizo, hata wewe Mtanzania, unaanza kuamini kwamba pale hapakuwahi kuwa na boma, wala mtoto aliyechunga, wala bibi aliyezikwa. Hakuna aliyekudanganya kwa neno lolote. Wamekata tu pembeni.

Mpaka hapa utaniuliza, wewe kijana wa kidato cha nne, kamera huna, Serengeti yenyewe umeiona kwenye simu, haya yanakuhusu nini?

Yananihusu. Mimi naandika riwaya. Haijatoka, iko kwenye daftari nne, lakini naandika. Na nyumba tunayopanga ina vyumba sita, korido katikati, dari hakuna. Kuta zinaishia chini ya kenchi, juu hewa ni ya wote. Mtu akikohoa chumba cha kwanza, wa chumba cha sita anasema pole. Chumba kinachopakana na changu waliishi dada mmoja na mume wake. Mume alikuwa mpole mchana, anasalimia mpaka watoto. Usiku, zile siku zake, alikuwa mtu mwingine.

Tunao usemi wetu ambao ni amri ya Hugo kwa Kiswahili: wagombanao ndugu, shika jembe ukalime, wakipatana, shika kapu ukavune. Nyumba nzima tulishika majembe. Redio zikapandishwa sauti, milango ikafungwa. Mimi sikufungua redio. Niliwasha tochi ya simu, nikachukua daftari, nikaandika. Niliandika alichosema yule mume na alichojibu yule dada, kwa maneno yaleyale, maana mazungumzo ndiyo yaliyokuwa yakinishinda katika riwaya yangu. Watu wangu walikuwa wanaongea kama taarifa ya habari. Kumbe binadamu mwenye hofu haongei hivyo. Anakatisha. Anarudia neno moja. Anaomba msamaha kwa kosa ambalo halijatajwa.

Nitakiri jambo moja ambalo sijawahi kumwambia mtu. Usiku mmoja kuna neno sikulisikia vizuri. Nikaacha nafasi kwenye mstari, nikanyamaza, nikangoja alirudie.

Nilingoja. Kwa mtu kurudia neno lile ilibidi apige tena.

Hadithi ilitoka nzuri. Niliisoma Jumamosi moja kwenye kikao chetu cha waandishi chipukizi, wakasema hapo sasa, mazungumzo yana damu. Nikarudi nyumbani natembea kama mwenye shamba. Yule dada alikuwa akijua naandika, akaniomba asome chochote. Nami, kwa ujinga au kwa majivuno, sijui, nikampa kurasa zilezile. Nilikuwa nimebadilisha majina, nikadhani inatosha.

Zilipita siku mbili. Tukakutana bombani asubuhi. Akanirudishia karatasi zikiwa zimekunjwa vizuri.

"Umeandika vizuri, mdogo wangu," akasema.

"Asante, dada."

"Kumbe ulikuwa unasikia."

Akabeba ndoo yake, akaenda kuanika nguo. Hakukasirika, na ndilo lililonimaliza. Alisema kama mtu anayesahihisha hesabu: alikuwa akidhani kwamba hatusikii, na kwa sababu hiyo alikuwa ametusamehe.

Ndipo nikaanza kuwafikiria hawa watu wa kamera. Nilitaka waniokoe. Nilitaka waniambie kwamba mwandishi naye ana ruhusa ya kukaa ndani ya gari, vioo juu, kwa sababu anaifanyia kazi jamii. Hugo hakunipa ruhusa hiyo. Amri ya kutoingilia ina haki kwa simba na swala kwa sababu simba lazima ale, na mpiga filamu si simba wala swala. Yule mume hakuwa lazima apige. Na mimi sikuwa mgeni wa nyika ile. Ndoo zetu zilipanga foleni bomba moja.

Najua kuna jibu. Wengine watasema: kama kila mwandishi ataacha kalamu akimbilie ugomvi, nani atasimulia? Ni swali la haki. Pasipo Grzimek na Hugo dunia isingewajua nyumbu wala mbwa mwitu. Pasipo anayeandika, hata mateso ya chumba cha tatu yatafukiwa chini ya redio. Wengine watasema kuingilia nako kunaua. Unagonga mlango leo, umeondoka, kesho mtu anapigwa mara mbili kwa sababu yako. Hilo nalo ni kweli, wala sina jibu lake safi.

Ila nimejifunza kitu kutoka kwa wapiga filamu wengine, wa BBC, kwenye filamu zao za mwaka 2018. Walikuwa Antaktika wakiwafuata pengwini wakubwa. Dhoruba ikawasukuma pengwini kadhaa na watoto wao kwenye bonde la barafu, kuta zimesimama, hawawezi kupanda. Watu wa kamera wakabishana na nafsi zao. Mwishowe hawakumshika pengwini hata mmoja. Walichukua sepetu wakachimba njia ya mteremko kwenye barafu, wakarudi kwenye kamera zao. Wapo pengwini walioitumia, wakatoka. Na jambo hilo hawakulikata. Walilionyesha kwenye filamu, ili mtazamaji ajue mkono wao ulifika wapi.

Basi usiku mwingine ulipoanza, nilitoka nikagonga mlango wa jirani. Sikwenda kupigana, mwili wangu unaujua. Yule mume akafungua, jasho linamtoka.

"Samahani, kaka. Naomba chumvi."

"Chumvi? Saa hizi?"

"Saa hizi, kaka."

Akanitazama kwa muda. Nyuma yake dada alinyanyuka akaenda kutafuta kopo la chumvi, akalichukulia muda mrefu sana. Usiku ule kelele hazikuendelea. Kesho yake yule bwana hakuniitikia salamu, na hakuniitikia tena mpaka wanahama, kama miezi miwili baadaye. Walihamia wapi sijui. Kama kelele zilihamia pamoja nao, sijui pia. Sikuokoa mtu, tafadhali asinipongeze mtu. Nilichimba kipande cha barafu usiku mmoja, wakati zilikuwapo usiku nyingi kabla yake ambapo nilishika kalamu.

Imani yangu leo ni hii, na anayeipinga aandike. Mwandishi anaruhusiwa kutazama kila kitu, lakini kutazama si likizo ya kuwa binadamu. Mkono unaogonga mlango utangulie, unaoandika ufuate. Na kama umegonga, au umeshindwa kugonga, liandike hilo nalo ndani ya hadithi, usijikate pembeni ukabaki msafi kama Serengeti ya kwenye filamu. Hadithi inayodai kwamba hakuna aliyekuwa akisikia ni ya uongo, hata kama kila neno lake ni kweli.

Ile hadithi yangu sijaipeleka popote. Iko kwenye daftari la tatu, mstari wenye nafasi bado una nafasi yake, niliiacha hivyo. Lakini ona, nimetaka kumheshimu yule dada kwa kuificha, halafu hapa nimemsimulia upya, na safari hii sina hata bombani pa kukutana naye nimwombe ruhusa. Nimebadilisha mambo mawili matatu asijulikane. Mara ya kwanza pia nilibadilisha.

Ninyi mnaoandika, ambao kuta zenu nazo zinaishia chini ya kenchi, mnafanyaje?